Mawe laini ya kunolea patasi na randa: yaliyobaki kwenye benchi langu Ndeeba

Wenye haraka nawapa jibu kabisa: kwa useremala wetu wa hapa Uganda na mbao zetu hizi, jiwe la namba 6000 linatosha kwa patasi na randa (namba ikipanda, chembe za jiwe ni ndogo na jiwe ni laini zaidi). Ukipanda zaidi ya hapo, mara nyingi unanunua mng'aro. Na kama mfukoni una hela ya jiwe moja tu, usikimbilie hilo laini, chukua 1000 kwanza. Wenye muda waketi nieleze, maana hela niliyoiweka kwenye mawe haya mke wangu hapendi kuisikia.

Karakana yetu iko Ndeeba, Kampala, pale mbao zinapopangwa hadi kando ya barabara na ukaulizwa na kila mtu unataka mvule au mahogani. Tunatengeneza milango, vitanda na makabati. Mashine za kukata na kuranda tunazo, lakini nafasi za bawaba na kufuli, ndimi na matundu ya viti, na ule mpito wa mwisho wa randa juu ya meza, hivyo bado ni kazi ya mkono. Umeme ukikatika ndiyo kabisa, mkono ndio unaobaki kazini. Zana zenyewe ni mchanganyiko: randa ya Stanley ya mkono wa pili kutoka Uingereza, patasi mpya za dukani, na patasi mbili zilizofuliwa kwa springi ya gari, ambazo kwa kweli ndizo nazipenda kuliko zote.

Kwa miaka mingi tulinolea lile jiwe la kijivu la pande mbili, la shilingi elfu kumi, unalolikuta kila duka la vifaa vya ujenzi kuanzia Nakasero hadi Masaka. Ni karboranda, yaani chembe ngumu za kiwandani zilizogandishwa pamoja, upande mmoja unakwaruza sana, wa pili unakwaruza kidogo. Kwa panga na jembe halina ubaya. Kwa patasi linaacha makali yenye meno: yanaingia kwenye mbao, ila ukichonga kichwa cha ubao, pale nyuzi zinapokatwa, unaona mistari myeupe kila penye jino. Nilipomwambia muuzaji nataka jiwe laini zaidi ya hilo, aliinama chini ya kaunta akatoa lingine lilelile, tofauti ni boksi. "Chukua hii fundi, hii orijino ya Ujerumani." Boksi halikuwa na jina la kiwanda wala namba.

Kabla sijafika kwenye mawe laini, lazima niseme juu ya mvule, kwa sababu mvule ndio umenifanya nifikiri tofauti na mafundi wa ng'ambo wanaopimana kwa elfu nane na elfu kumi na mbili. Mti huu una tabia ya kuficha mawe ndani yake. Sisemi kwa mafumbo: ni uvimbe mgumu wa kalisi kaboneti, ya jamii ya chokaa, unaojikusanya ndani ya mti wenyewe, mara nyingi pale ulipoumia. Kwa nje hauuoni. Dalili ni mbao kuwa nyeusi kuliko kawaida mahali fulani, na usipoitambua unaitambua kwa sikio: randa inakwenda vizuri, shrrr, kisha "tik!" Ukigeuza kisu cha randa unakuta pengo, na kuanzia hapo kila utepe unaotoka una mpasuko katikati na meza ina mstari ulioinuka kama ushonaji wa suruali.

Sasa jiulize, hilo pengo litaondolewa na jiwe la 8000? Haliondoki. Pengo la theluthi moja ya milimita ukilipeleka hata kwenye 1000 utasugua mpaka chai ipoe. Linahitaji jiwe la 220 hadi 400, au grenda kwa mkono mwepesi huku unachovya kwenye maji kila mara chuma kisibadilike rangi. Ndiyo maana nasema hela ya kwanza iende chini. Jiwe laini linapamba kazi iliyokwisha kufanywa na mawe ya kabla yake, na fundi anayefanya kazi ya mvule atarudi kwenye mawe ya chini mara nyingi kuliko fundi wa Ulaya anayeranda mwaloni safi.

Haya, namba. Hapa watu wengi wanauziwa mbuzi kwenye gunia. Namba kubwa maana yake chembe ndogo, hilo kila mtu analijua. Lakini namba ya jiwe la Kijapani si sawa na namba ya msasa. Kwa kipimo cha Kijapani, JIS, jiwe la 1000 lina chembe za wastani wa mikroni 11 na nusu, yaani sehemu moja ya elfu ya milimita mara kumi na moja na nusu. La 3000 ni mikroni 4, la 6000 ni 2, la 8000 ni 1.2. Msasa wenye herufi P mbele ya namba unafuata kipimo cha Ulaya: P1000 ni karibu mikroni 18, na P2000 ni karibu 10. Kwa hiyo jiwe la 1000 ndugu yake ni msasa wa P2000, ule mweusi wa maji wanaotumia wapiga rangi wa magari. Faida ya kujua hili ni kwamba unaweza kujaribu kabla ya kununua jiwe lolote. Nenda kwa muuza vioo, omba kipande cha makapi cha milimita 6, lowesha, bandika P2000 juu yake, unoe patasi. Ukiona makali hayo yanakutosha kwa kazi zako, basi jiwe la 1000 linakutosha, na umelijua kwa bei ya karatasi.

Mimi hayakunitosha, hasa kwenye randa. Ndipo nikaagiza King, jiwe la Kijapani la pande mbili, 1000 na 6000, iliyoletwa kwa basi kutoka Nairobi. Nililipa karibu laki mbili za Uganda pamoja na nauli. Ni jiwe la maji, yaani unalinolea kwa maji badala ya mafuta, upande wa 1000 una rangi ya matofali, upande wa 6000 ni wa maziwa. Nalizungumzia hili kwa urefu kwa sababu ndilo ninalolitumia kila siku.

Upande wa 1000 unahitaji kulowekwa. Unalitumbukiza kwenye ndoo, linatoa mapovu, na mapovu yakiisha liko tayari. Upande wa 6000 hauhitaji kuloweka, unaumwagia maji tu. Chuma kinakamata haraka: misuguo michache tu na maji yanageuka kijivu, dalili kwamba chuma kinaliwa. Usiyaoshe hayo matope mapema, yanafanya kazi. Sugua mpaka ukipitisha kidole gumba nyuma ya patasi, kutoka kwenye bapa kuelekea nje, uhisi ukingo mwembamba wa chuma umepindia upande wa pili, na uwe umepinda upana wote, kona hadi kona. Usipouhisi, usihamie kwenye 6000. Wanagenzi wangu wote wanataka kuhama mapema kwa sababu upande laini unapendeza macho. Kisha wanalalamika jiwe halinoi.

Kwenye 6000 kazi ni fupi. Vuta, usisukume, angalau mpaka mkono uzoee, kwa sababu jiwe la maji la aina hii ni jepesi kuchimbika na kona ya patasi ya robo inchi italichana. Geuza, lalisha mgongo wa patasi bapa kabisa, ondoa ule ukingo uliopinda, rudia kidogo kila upande. Unapoona mstari unaong'aa kwenye ncha, mwembamba kama upana wa uzi, umemaliza. Huna haja ya kung'arisha mteremko mzima, ule uso ulioinama kuelekea ncha. Mimi nachora mteremko kwa maka kwanza, wino ukifutika kwenye ncha najua jiwe linagusa pale ninapotaka.

Jiwe la namna hii linaliwa. Ndiyo asili ya mawe ya maji yote yanayokata haraka, chembe zilizochoka zinabanduka ili mpya zitokee. Lakini kijana wetu wa kutoka Bunia, Kongo, alilitumia kwa wiki kadhaa akinoa katikati tu, kisha akaja na kisu cha randa kilichopinda kama mwezi mchanga. "Patron, hii jiwe inakula kati sana." Inakula kati kwa sababu wewe unanoa kati. Ukitumia uso wote wa jiwe, pamoja na miisho, linakaa sawa muda mrefu zaidi, lakini siku itafika litahitaji kusawazishwa. Chora mistari ya penseli juu ya jiwe, sugua kwenye msasa wa maji uliobandikwa juu ya kile kioo, mistari ikiisha yote jiwe limenyooka. Anayeona hii ni usumbufu asinunue jiwe la maji. Nasema hivyo bila dharau, kuna watu hawana subira hiyo na mawe ya mafuta yanawafaa zaidi.

Mawe ya mafuta nayo nimeyatumia. Jiwe la India la Norton, la rangi ya kahawia, ni gumu, haliliwi ovyo, na fundi wa kuzungukia site anaweza kulibeba mwaka mzima bila kulinyoosha. Kwa laini halifiki kwenye 6000, ila ukimalizia na ngozi (nitaieleza mbele) unapata makali ya heshima. Kilichonifanya niliweke kwenye mkoba wa site na si kwenye benchi ni mikono. Hapa Kampala kila mtu anatumia oili ya injini, nzito, inaziba jiwe, halafu vidole vyenye oili vinashika mahogani iliyokwisha pigwa msasa. Siku ya vanishi doa linajitokeza. Anayelazimika kutumia mafuta aipunguze oili kwa mafuta ya taa, iwe nyepesi, na afute mikono.

Rafiki yangu anayechonga sanamu alinipa nijaribu Shapton yake ya 8000, nayo ya Kijapani, ile ya aina ya Kuromaku yenye rangi ya tikiti. Ni jiwe la kisasa, halilowekwi, unanyunyiza maji na kuanza, na kasha lake la plastiki ndilo linageuka kuwa kishikio. Ni gumu zaidi ya King, halichimbiki kirahisi, na mkononi linahisi kama kioo chenye maji. Makali yake ni mazuri mno. Nilinoa patasi mbili zinazofanana, moja ikaishia 6000, nyingine ikaenda 8000, nikachonga vichwa vya mbao tofauti.

Kwenye mvule sikuona tofauti ya maana. Kwenye mahogani, kidogo sana, na ni lazima uinamie dirishani. Tofauti ilijitokeza kwenye musizi na paini, mbao laini. Wengi wanadhani mbao ngumu ndizo zinazodai makali ya juu, lakini mbao ngumu inasimama yenyewe na kukubali kukatwa. Mbao laini inalala. Makali yasipokuwa mazuri kweli, nyuzi za musizi zinabonyea na kung'oka badala ya kukatika, na kichwa cha ubao kinaonekana kama kimetafunwa. Patasi ya 8000 iliacha musizi imenyooka na ina mng'ao hafifu. Ya 6000 iliacha sehemu chache zenye vinyweleo. Lakini ile ya 6000 nilipoipitisha mara kadhaa kwenye ngozi yenye dawa ya kijani, pengo kati yao likatoweka.

Hiyo ngozi ndiyo ununuzi bora kuliko yote, na karibu ni ya bure. Kipande cha ngozi ya ng'ombe kutoka kwa fundi viatu, ngumu, si ile ya mkoba laini, kimebandikwa kwa gundi juu ya ubao ulionyooka, upande wa manyoya chini. Juu yake unapaka dawa ya kijani ya kung'arishia, yenye kromiamu oksaidi, ambayo chembe zake ni karibu nusu ya mikroni. Vuta tu, usisukume, na usibane sana, kwani ngozi ikibonyea inayaviringisha makali. Katikati ya kazi, patasi ikianza kugoma, unairudisha kwenye ngozi kwanza kabla ya kuanza kumwaga maji. Kwa hiyo 6000 na ngozi, kwangu mimi, zimeiondoa 8000 kwenye orodha. Mchonga sanamu ana sababu zake, anafanya kazi na musizi na mbao za mpira siku nzima.

Mabamba ya almasi sasa yamejaa mjini, na watu wananiuliza sana. Nilinunua mawili. La kwanza ni la bei ya chini, halina jina, limeandikwa 3000. Nililipitisha mgongo wa patasi uliokuwa umeng'aa kutoka kwenye 6000, kisha nikaulaza chini ya taa ya simu na kuvuta kamera karibu: uso wa ukungu mzuri kabisa, na katikati yake mikwaruzo mitatu mirefu, mirefu kiasi cha kushika ukucha. Chembe kubwa zilichanganyika na ndogo. Namba iliyoandikwa inaweza kuwa kweli kwa wastani, lakini makali hayanolewi kwa wastani, chembe moja kubwa inatosha kuyatia meno. La pili ni la 400, zito, uso wake umenyooka nilipouweka chini ya rula ya chuma na kuangalia mwanga. Hilo ni dhahabu. Linanyoosha mawe ya maji badala ya msasa, na linaondoa mapengo ya mvule. Almasi inakata chuma cha aina yoyote, hata visu vinavyotengenezwa kwa blade za msumeno wa mashine, ambavyo mawe mengi ya maji yanavishindwa. Usishangae likiwa kali mno mwanzoni halafu likatulia, ni kawaida ya almasi mpya. Na usilibinye, uzito wa mkono unatosha.

Kwa kifupi, almasi nunua kwa kazi za chini. Kwa kazi laini, kwa bei ambazo wengi wetu tunaweza kulipa, jiwe la maji linaaminika zaidi.

Pembe nisizisahau, maana jiwe zuri kwa pembe mbovu ni hasara. Mteremko mkubwa nauweka nyuzi 25, ncha nyuzi 30. Kwenye mvule ukishuka chini ya hapo ncha inamomonyoka. Kile kigari kidogo chenye gurudumu moja kinachobana patasi ubavuni kinasaidia sana wanaoanza: patasi ikichomoza milimita 30 unapata nyuzi 30, kisu cha randa kinakaa juu zaidi, hicho kichomoze 38. Vile vya bei ndogo vinatofautiana kidogo, kwa hiyo hakikisha kwa kipimo cha pembe mara moja, kisha pigilia kibao cha kupimia kwenye benchi.

Utunzaji. Jiwe lianikwe kivulini, jua la mchana linaweza kulipasua likiwa na maji ndani. Usiliache kwenye ndoo usiku kucha, hasa haya ya pande mbili yaliyogandishwa pamoja. Wenzetu wa nchi za baridi huonyana wasiache jiwe bichi mahali panapoganda barafu, shida hiyo tuwaachie wao. Yetu sisi ni kutu. Masika ya Machi hadi Mei, patasi iliyotoka kwenye maji ikaachwa juu ya benchi asubuhi ina madoa ya rangi ya chungwa, na kutu kwenye mgongo wa patasi ni pengo linalosubiri. Futa, paka mafuta ya cherehani, rudisha sandukuni.

Kuhusu kupata vitu hivi: mawe mazuri ya maji si rahisi kuyaona Kampala. Maduka machache ya zana huwa nayo kwa nadra, na bei inategemea muuzaji anakuonaje. Ukiagiza nje, weka kwenye hesabu VAT ya asilimia 18 na kodi nyingine za forodha juu ya bei na usafiri, jiwe la bei poa kwenye skrini linaweza kufika limenenepa. Kuletewa na mtu anayesafiri ni afadhali, ila mwambie alifunge kwenye nguo, jiwe likianguka kwenye sakafu halina gundi. Na fungua boksi mbele ya muuzaji: angalia kama kuna jina na namba kwenye jiwe lenyewe, kisha liweke juu ya kioo cha kaunta uone kama linacheza.

Kwa mwenye laki moja, ningenunua bamba la almasi la 400, karatasi chache za P2000, kioo na ngozi, na ningefanya kazi ya mteja yeyote Kampala. Kwa mwenye laki tatu, bamba hilohilo, jiwe la 1000/6000 na ngozi. Mwenye zaidi ya hapo anunue patasi bora. Kama kazi yako yote ni paini na musizi, au unachonga, basi 8000 ngumu isiyolowekwa ina sababu, na nitakuazima yangu siku nikiinunua, jambo ambalo kwa sasa halipo kwenye bajeti.

Nyota: King 1000/6000 naipa nne kati ya tano. Bamba la almasi la 400, tano. La 3000 lisilo na jina, moja, na sasa linanoa panga la shamba, kazi linayoiweza.